Kikohozi cha Alizeti

Jumatatu, 28 Aprili

Kalamu nimeishika kwa ngumi, kama mtoto wa chekechea anavyoshika kijiko. Dk. Noel wa kliniki ya utafiti mjini Singida ameniagiza niandike kila ninapoweza, hata mstari mmoja, ili aone mwandiko wangu unavyobadilika. Hakusema niandike nini. Nitaandika kinachotokea, na kisipotokea kitu nitaandika hali ya hewa.

Basi tuanze. Naitwa Yunisi, mjane wa Paskali, mwalimu wa biolojia katika sekondari hapa Ulemo. Ninaumwa baridi yabisi, ile kali inayovimbisha viungo na kuvipinda. Tangu Januari sijaingia darasani. Mkuu wa shule, Mwalimu Gasto, amenipa muda mpaka shule zifunguliwe Julai. Nikiweza kushika chaki na kuandika ubaoni, narudi kazini. Nisipoweza, jina langu linakwenda kwa bodi ya madaktari nistaafishwe. Alinieleza kwa upole sana. Ningependa zaidi angefoka.

Ninaishi na wifi yangu Sikudhani, dada wa marehemu. Aliachika, akarudi kwa kaka yake, kaka akafa, tukabaki sisi wawili. Yeye analima, mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Hatugombani. Hatuongei sana pia. Ana maneno mengi kwa majirani na chumvi nyingi kwenye mboga.

Nimeandika hivi kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana.


Jumatano, 30 Aprili

Sindano ya kwanza. Walikuwa wamekwisha kunipima kifua, kwa picha na kwa damu, wakaona sina kifua kikuu, hata kile kinacholala mwilini bila kuamka. Ningekuwa nacho wasingenipokea. Katika utafiti huu wote tunapewa dawa yenyewe, wanachotafuta ni kiasi gani kinatosha.

Dk. Noel alinichorea dawa inavyofanya kazi. Anachora vibaya, lakini anajua anachosema. Juu ya kila seli kuna protini zimechomoza nje. Seli moja ya kinga inabeba kipande cha kitu na kukionyesha kwa seli askari: tazama, adui. Askari haendi vitani kwa kuonyeshwa tu. Anangoja protini nyingine ya yule mwenzake ishikane na ya kwake, ndipo aamini. Kwangu mimi wanaonyeshana vidole vyangu mwenyewe, wanashikana, na vita inaanza. Dawa inakwenda kuikalia ile protini ya pili. Askari anaonyeshwa, anangoja, hashikwi mkono, anatulia.

Sikudhani alikuwa amenisindikiza kunibebea mkoba. Kwenye basi aliniuliza mchoro ule ulikuwa wa nini. Nikamwambia: ni mtu anapiga hodi, wa ndani hasemi karibu, basi anaondoka.

"Mwenye adabu ndiyo anaondoka," alisema. "Mwingine anaingia tu."

"Protini zina adabu."

"Haya wifi. Tutaona."

Kabla hatujatoka kliniki, Sista Belinda, nesi wa pale, alitusomea masharti wote wawili. Maziwa mabichi hapana. Nyama isiyoiva hapana. Na mtu yeyote nyumbani akishikwa na kikohozi kisichopona, waambiwe mara moja, sindano isimame mpaka ijulikane ni nini. Sikudhani aliitikia kila sharti kama yuko kanisani.


Jumamosi, 3 Mei

Mawingu, hayakuleta kitu. Vidole vile vile.


Ijumaa, 9 Mei

Sikudhani aliingia na kikombe cha maziwa yaliyotoka kukamuliwa kwa jirani yetu Mathayo, bado yana povu.

"Kunywa, wifi, upate nguvu."

Nikasema yamekatazwa. Akasema yaliyokatazwa ni ya mjini, yanayokaa kwenye madumu, haya ya Mathayo anayajua mpaka jina la ng'ombe. Mke wa Mathayo, Mama Pendo, alikuwa amekaa hapo hapo kwenye kigoda. Nami nikasema, bila kuyapima maneno, kwamba sina mpango wa kufa kwa ujinga wa mtu.

Kikombe kilirudi jikoni. Mama Pendo akakumbuka ana nguo amezianika. Kukataa maziwa ya mtu mbele yake ni kumwambia ng'ombe wake ni mgonjwa, hilo nalijua tangu nikiwa mtoto. Ningeweza kuomba yachemshwe. Yangechemshwa.


Jumatano, 14 Mei

Sindano ya pili. Zamani vidole vilikuwa vinakunjuka saa sita mchana, na leo vimekunjuka kabla ya chai. Sisemi kitu bado.


Ijumaa, 16 Mei

Sikudhani amehamishia godoro lake stoo, ng'ambo ya ua. Anasema analinda magunia. Magunia bado hayana kitu, alizeti haijakatwa. Ni yale maziwa. Nimeamua kutouliza.


Jumatatu, 19 Mei

Kazi ya alizeti imeanza. Vichwa vinakatwa na kutandazwa kwenye maturubai, kila ua umekuwa mweusi. Upepo wa mashariki umeanza pia, na vumbi lake. Tangu leo mpaka gunia la mwisho Ulemo nzima itakohoa, kama kila mwaka. Tunakiita kikohozi cha alizeti na hakuna anayeshtuka. Hata kanisani mchungaji husimama katikati ya mahubiri, akangoja watu wamalize, akaendelea.

Sikudhani ameajiri vijana wawili wa kukata. Mimi ninakaa barazani na kufukuza kuku.


Alhamisi, 22 Mei

Leo chakula changu kimekuja kwenye sahani ya peke yangu. Tangu Paskali azikwe tumekuwa tukila sahani moja, mimi na yeye, si kwa mapenzi, ni kwa mazoea tu. Alisimama mlangoni amejifunika kanga mpaka puani.

"Hodi."

"Karibu."

Akaweka sahani juu ya kizingiti, akageuka.

Mboga haikuwa na chumvi nyingi. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu akiacha mpaka kukuudhi, basi amekuweka mbali kabisa.


Jumatano, 28 Mei

Sindano ya tatu. Nimekwenda mjini peke yangu na nimeshika bomba la basi kwa mkono wangu mwenyewe kutoka njia panda ya Misigiri. Dk. Noel alifungua kurasa hizi, akatazama ule mwandiko wa Aprili na huu wa sasa, akatabasamu kama mtu aliyeotesha mti akauona una jani. Sidhani alisoma maneno. Alikuwa anaangalia maumbo tu.

Sista Belinda aliniuliza maswali yake. Homa? Hapana. Maziwa mabichi? Hapana, na nina ushahidi. Nyumbani kuna anayekohoa?

Nilicheka. Nikamwambia Ulemo nzima inakohoa, ni alizeti. Yeye ni mzaliwa wa Mkalama, kwao wanalima alizeti kuliko sisi. Akacheka pia, akaandika hapana.


Jumapili, 1 Juni

Baridi. Upepo wa siku nzima. Sikudhani siku hizi hawezi kuongea nami bila kwanza kuzunguka ua, kama mtu anayechagua mahali pa kukaa. Inabidi nigeuke ndipo nimwone. Nadhani anafanya makusudi.


Jumatano, 4 Juni

Nimefunga vifungo vya blauzi mwenyewe. Vyote, mpaka cha shingoni.


Jumamosi, 7 Juni

Nyuma ya nyumba kuna mlango wa zamani uliong'olewa, umeegemea ukuta. Nimekuwa nikiufanyia mazoezi kwa kipande cha chaki. Leo Mwalimu Gasto alipita kutoka shambani kwake, akasimama nyuma yangu. Nilichora seli mbili zimekaribiana, na protini zimechomoza kwenye kingo zake. Mduara ulikaa sawa.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema alipoona nimemaliza. Ni mkuu wangu wa kazi, lakini nilimfundisha kidato cha pili na hajawahi kulisahau hilo.

"Marahaba."

"Mduara wako umerudi."

"Umerudi."

"Basi kidato cha tatu ni chako, siku ya kufungua."

Nilimshukuru kwa sauti ya kawaida. Alipoondoka niliufuta mduara, nikachora mwingine, nikaufuta, nikachora mwingine. Nimefurahi. Naliandika neno hilo kwa sababu Dk. Noel anataka kila kitu.

Nilitaka kumwonyesha Sikudhani. Alikuwa mbali, kwenye turubai, amekaa chini.


Jumatano, 11 Juni

Sindano ya nne. Hapana, hapana, hapana.


Ijumaa, 13 Juni

Wanapiga alizeti. Sikudhani anapiga fimbo mara chache, anakaa, anapiga tena, anakaa. Mama Pendo aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wifi yangu siku hizi amekuwa mvivu. Nikamjibu kwamba si uvivu, ni maonyesho. Anataka nione kwamba yeye ndiye anayefanya kazi ya nyumba hii wakati mimi nachora miduara kwenye milango.

Niliridhika na jibu hilo. Lilikuwa limepangika vizuri.


Jumanne, 17 Juni

Upepo. Watu wanakohoa.


Alhamisi, 19 Juni

Upepo. Nimeandika maandalio ya somo la kwanza, ukurasa mzima, bila kupumzika.


Jumatatu, 23 Juni

Leo ilikuwa siku ya kupepeta. Ungo mkubwa uko stoo. Sikudhani alikuwa kisimani, na mimi nikasema niufuate mwenyewe, niwe na faida walau siku moja katika msimu huu.

Mlango wa stoo una komeo la mti, zito, la tangu enzi za Paskali. Mwaka jana wote sikuweza kulivuta. Leo nimelivuta likatoka kwa mara moja. Nililirudisha, nikalivuta tena, kwa raha tu. Ndivyo nilivyoingia, nikiwa nachekelea mkono wangu.

Ungo ulikuwa umening'inia ukutani. Chini yake godoro. Kwenye msumari sketi yake, imekazwa kiunoni kwa pini, na pini nyingine mbele ya pini. Shuka lilikuwa na alama nyeupe za jasho lililokauka, na sisi hapa tuko kwenye baridi ya Juni, tunalala na makoti. Kando ya godoro palikuwa na kopo la zamani la maziwa ya unga, lina mfuniko. Nililifungua. Lilijaa majivu, na juu ya majivu kulikuwa na makohozi, na ndani ya makohozi kulikuwa na damu.

Nimefundisha kifua kikuu tangu nilipoajiriwa. Kukohoa, kukonda, jasho la usiku, damu. Wanafunzi huwa wanaviimba kwa mpangilio huo ili wasisahau kwenye mtihani. Tangu Mei nimekuwa nikikaa barazani, vyote vinne viko ng'ambo ya ua tu, na nikaviita maziwa.

Niliketi juu ya gunia mpaka aliporudi. Aliona mlango uko wazi, akatua ndoo. Hakukaribia. Kwanza alitazama miti inainamia upande gani, kisha akazunguka ua akasimama upande ule upepo unakoelekea, ukitokea kwangu. Wapepetaji wanaujua upepo. Ndipo nilipoelewa kwamba huko kuzunguka kote hakukuwa kiburi.

"Tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu kabla ya kukata."

"Hukusema."

"Ningesema nini? Yule sista alisoma mbele yangu, wifi. Mtu akikohoa nyumbani, sindano inasimama. Nikasema acha, shule zifunguliwe kwanza. Nikachukua godoro langu."

"Na zahanati?"

"Zahanati wangeandika. Wangeniuliza naishi na nani."

"Ungekufa, Sikudhani."

"Sasa si alizeti inakohoza kila mtu? Nani angejua?" Alikohoa, akageuza uso, akamaliza. "Umeweza kuvuta komeo."

"Nimeliweza."

"Si unaona," alisema, na alikuwa anafurahi kabisa.

Nilikasirika. Nilimwita mjinga, nikamwita na majina mengine ambayo mwalimu hayasemi, na nilikuwa ninalia, jambo ambalo sikulifanya hata msibani kwa kaka yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, amesimama pale pale upepo unakoelekea.


Jumanne, 24 Juni

Kesho ni siku ya sindano. Sikudhani amekwisha kupanga kila kitu. Mimi niende kesho nichomwe, yeye aende zahanati keshokutwa. "Siku moja tu, wifi. Umekaa na kikohozi hiki tangu Mei, leo ndiyo ukikimbie?" Sindano ya kesho ingenifikisha darasani na kunivusha.

Nimelifikiria hilo, na kwa muda mrefu. Nimelifikiria kama mtu anavyofikiria bei. Dk. Noel akisoma hapa, asome.

Mchana nilikwenda nyuma ya nyumba, nikachora seli zangu mbili kwenye mlango. Nilizitazama. Dawa hii haichagui hodi ya kunyamazia. Kama vijidudu vya Sikudhani vimekwisha kuingia kifuani kwangu, basi askari wa kule wanangoja hodi iitikiwe ndipo waamke, na mimi nakwenda kuongeza kizuizi mlangoni. Hilo ni biolojia. Jambo jingine si biolojia: kila siku anayolala stoo na kopo lile ni siku aliyonipa mimi, na mimi sikuiomba, na nikiipokea kesho nikijua, itakuwa nimeiomba.


Jumatano, 25 Juni

Tumekwenda wawili. Nilimweka kiti cha nyuma dirishani, kioo wazi, baridi ikatupiga njia nzima na abiria wakalalamika. Alikuwa amenuna, kwa sababu ya kweli safari hii.

Sista Belinda alikuwa amekwisha kuitoa sindano kwenye friji na kuiweka mezani ipungue ubaridi. Maswali yale yale. Homa? Hapana. Maziwa mabichi? Hapana. Nyumbani kuna anayekohoa? Kalamu yake ilikuwa tayari inaandika jibu.

"Ndiyo," nilisema. "Yuko nje. Anatema damu."

Alinitazama, akatazama dirishani. Hakusema lolote kuhusu alizeti, na mimi sikusema. Aliichukua sindano, akairudisha kwenye friji, akafunga mlango wa friji taratibu, kisha akavaa barakoa akatoka kumfuata Sikudhani.

Makohozi yalipimwa, majibu yakaja jioni. Ni kifua kikuu, na kinasikia dawa. Picha yangu mimi ni safi, lakini Dk. Noel amesema picha safi ya leo haina maana ya kesho. Nitameza vidonge vya kinga. Sindano imesimama.

Nilimwuliza kama hakuna namna. Najua ni swali la kijinga, nimewahi kuwakemea wanafunzi kwa swali dogo kuliko hilo. Alikaa chini, safari hii bila kuchora.

"Mwalimu, hatuwezi kumwambia askari alale vidoleni halafu aamke kifuani. Ni askari yule yule."

"Na nikimaliza vidonge?"

"Tutaona kama utafiti utakuwa bado unapokea watu."

Nje, Sikudhani alikuwa amekaa kwenye benchi na barakoa yake mpya na mfuko wa dawa. Macho yalikuwa mekundu.

"Ungenyamaza kidogo tu," alisema. "Nimejibana huko stoo bure."

Nilimbebea mkoba. Mkono bado ulikuwa unaweza.


Ijumaa, 27 Juni

Anameza vidonge asubuhi mbele yangu, yeye mlangoni kwake, mimi mlangoni kwangu. Amepiga kelele chooni nikadhani ameanguka. Ni dawa, inageuza mkojo kuwa rangi ya soda ya machungwa. Ametaka kumwita Mama Pendo aje aone. Nimemkataza.


Jumatatu, 30 Juni

Nimewaeleza vijana wa kukata na nyumba ya Mathayo waende wakapimwe. Mathayo alisema, "Lakini ni alizeti, Mwalimu." Nikamwambia ndivyo nilivyosema na mimi. Wamekwenda.


Jumatano, 2 Julai

Kidole cha shahada, mkono wa kulia. Asubuhi hakikukunjuka.


Jumamosi, 5 Julai

Magunia yamekwenda kukamuliwa. Mafuta yamerudi kwenye madumu, na mashudu kwa ajili ya kuku. Msimu umekwisha. Watu wengine wameacha kukohoa, na sasa ukikaa barazani unakisikia kikohozi cha Sikudhani, peke yake, kimepungua. Ningekisikia hivyo hivyo mwezi wa tano kama ningenyamaza nikasikiliza.

Vifungo: vitatu tu.


Jumanne, 8 Julai

Shule imefunguliwa. Sikudhani alinifunga vifungo akiwa na barakoa, akasimama nyuma yangu, mikono imezunguka mbele. Hakusema pole. Alisema, "Simama wima."

Kidato cha tatu walisimama, wakanisalimu. Nilichukua chaki. Niliandika neno la kwanza la mada na likasomeka. Nikaanza mduara. Ulifika katikati, chaki ikaniponyoka, nikaiokota kwa mikono miwili, nikaendelea, na kilichopatikana kilikuwa kiazi. Hakuna aliyecheka. Ningependa mmoja angecheka.

Basi nikaacha ubao. Nikamtoa msichana mmoja nje ya mlango nikamwambia apige hodi, nikamweka mwenzake ndani aseme karibu, akaingia. Kisha nikamwambia wa tatu amzibe yule wa ndani mdomo kwa kiganja. Hodi. Kimya. Hodi. Kimya. "Afanye nini?" niliwauliza. Aondoke, walisema wote. "Na kama huyo wa nje alikuwa anakuja kuwaambia nyumba inaungua?" Hapo walitazamana, na nikajua wameelewa somo kuliko ambavyo michoro yangu imewahi kuwaelewesha.

Mwalimu Gasto alikuwa dirishani. Baada ya kipindi tulitembea mpaka kwenye bendera. Nilimweleza yote, na nikamwambia anaweza kupeleka jina langu, sitakwenda kumnung'unikia mtu.

"Bodi inaweza kungoja mpaka Septemba," alisema. "Tumia michoro ya manila. Ichorwe nyumbani, wewe uje ubandike na ueleze."

"Na nani atakayechora?"

"Hilo, Mwalimu, sijui."

Baada ya Septemba naye hajui. Mimi pia sijui. Mistari hii imenichukua mpaka giza.


Jumapili, 13 Julai

Mwandiko huu ni wa Sikudhani. Dk. Noel, usishangae, hii si dawa. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameniomba niende polepole kwa sababu aliishia darasa la saba.

Jana nesi wa zahanati alisema hawezi tena kumwambukiza mtu, aendelee tu na vidonge mpaka mwisho. Leo amerudisha godoro ndani. Kopo amelichoma moto na kulifukia.

Mchana alikuja na sahani moja. Alisimama mlangoni.

"Hodi."

"Karibu."

Akaingia. Aliketi mkekani mahali pake pa zamani. Ugali ulikuwa wa moto na vidole vyangu havikuweza kuukata, akaukata yeye, tonge langu na tonge lake. Mboga ilikuwa na chumvi nyingi mno. Nimefurahi. Amenikazia macho, nimemwambia aandike hivyo hivyo: nimefurahi. Mikono yangu naililia, nimemwambia aandike na hilo. Ameandika.

Tulipomaliza kula tulitandaza karatasi ya manila sakafuni. Nimemwambia achore miduara miwili, mikubwa, iliyokaribiana, na protini kwenye kingo. Amechora nyumba mbili zenye milango, na mwanamke mmoja kila mlangoni, mmoja ana kanga puani. Nimemwambia seli hazina wanawake. Nimemwambia darasa zima litatucheka, na mkaguzi akija tutaaibika.

Ameniambia ninyamaze, aliyeshika kalamu ni yeye.